Umetumwa na Nani?

Barua ya kuniomba niwe mjumbe wa bodi ililetwa na kijana wa bodaboda siku ya Ijumaa, nami niliisoma mara tatu nikiwa nimeegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi ninakotunza hesabu, hapa Moshi mjini. Nilipooza mguu wa kulia kwa polio nikiwa na miaka miwili, na tangu nilipoanza shule nimetembea kwa magongo. Katika miaka yote hiyo jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye orodha nyingi: ya watoto waliopewa sare, ya waliopimwa magongo mapya, ya walioalikwa kwenye chakula cha Krismasi na kupigwa picha kabla ya kula. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuandikwa upande wa wanaokaa mezani na kuamua nani apewe nini. Jioni ile nilipomsomea mama barua hiyo alitokwa na machozi, akaikunja vizuri na kuiweka ndani ya Biblia yake.

Shirika lenyewe linahudumia watu wenye ulemavu hapa Kilimanjaro, na sitalitaja jina, kwa kuwa ninayotaka kuyaeleza nimeyaona katika ofisi zaidi ya moja. Juma lililofuata nilikwenda Pasua kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho wakati huo kilikuwa na wanachama kumi na wanane: wenye ulemavu wa viungo, viziwi, wasioona, watu wenye ualbino, kijana mmoja mwenye ulemavu wa akili, na akina mama wawili wanaolea watoto wenye ulemavu kama wake. Tulikaa chini ya mwembe kama kawaida. Nilipotangaza habari yangu walipiga makofi, na viziwi wakainua mikono juu na kuitikisa, jinsi wanavyoshangilia wao. Mzee mmoja asiyeona, ambaye sote tunamwita Babu, alingoja kelele ziishe.

"Mwanangu, hongera sana," alisema. "Sasa tuambie, umetumwa na nani?"

Nilimjibu kwamba mkurugenzi wa shirika ndiye aliyeniteua.

"Hilo la kuteuliwa nimelisikia. Ninauliza aliyekutuma."

Nilidhani ameona wivu, na nilirudi nyumbani nimeudhika. Ilinichukua karibu miaka miwili kulielewa swali lake.

Tunalitumia neno mjumbe kila siku bila kulisikiliza. Mjumbe ni mtu aliyebeba maneno ya mwingine, na ndiyo sababu wahenga wakasema mjumbe hauawi: anayoyasema ni ya waliomtuma. Hata mjumbe wa nyumba kumi, yule anayekugongea mlango kwa habari ya usafi au unayemfuata kwa barua ya utambulisho, nyumba zake zinahesabika, na wenye nyumba hizo wanajua pa kumpata akiharibu. Mimi nilikuwa mjumbe ambaye nyumba zake hazikuwapo. Niliingia ukumbini na magongo yangu, na kila aliyekuwa mle ndani akahesabu kwamba watu wenye ulemavu wa Kilimanjaro wameingia.

Bodi ilikutana kila baada ya miezi mitatu. Wenzangu sita, watu waungwana ambao mpaka leo ninawaheshimu, walipata kabrasha la kikao wiki moja kabla, kwa barua pepe ambayo jina langu lilisahauliwa mara nne mfululizo. Mimi nililipata mlangoni, kurasa arobaini, dakika chache kabla ya sala ya kufungua. Kila ajenda ilipofika mahali pagumu, mwenyekiti alinigeukia na kuuliza, "Dada, wenzako wanaonaje?" Wenzangu walikuwa Pasua, Njoro, Kiboriloni na Uru, na hakuna aliyekuwa ameniambia anaonaje, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba anaulizwa. Basi nilijibu kwa niaba yao kwa kubahatisha. Kikao kikiisha mpiga picha aliniomba nikae mstari wa mbele, akamwambia aliyekuwa karibu nami asogee kidogo ili magongo yaonekane. Picha hiyo ilitoka kwenye kalenda ya mwaka uliofuata, katika ukurasa wa Desemba, mwezi wenye siku yetu ya tarehe 3 ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1992, na chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: TUNAWAPA SAUTI.

Jambo lililonifungua macho ni viti mwendo. Katika kikao changu cha tatu tulipokea taarifa kwamba wafadhili wametuma viti sitini, kwamba vimeshafika na kupakuliwa, na kwamba kilichobaki ni kupanga siku ya kuvigawa na kumtafuta mgeni rasmi. Vilikuwa viti vya hospitali: fremu ya kukunja, magurudumu mawili madogo mbele, na kitambaa cha kukalia kilichoning'inia katikati. Mkazi yeyote wa Pasua anayetembelea kiti angeweza kuwaambia kitakachotokea masika yakiingia. Udongo wa huku chini hunata, njia za mitaani hazina lami, na gurudumu dogo la mbele likizama kwenye tope kiti husimama hapohapo huku aliyekikalia akitupwa mbele kifudifudi. Kiti kinachofaa njia zetu huwa kirefu, chenye gurudumu kubwa mbele lililosogezwa mbali na miguu ili uzito ukae nyuma. Tena kitambaa kilicholegea, kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo na asiyehisi makalio yake, huleta vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo vikichimba hadi kwenye mfupa huua. Haya yanajulikana. Pale kwenye hospitali ya KCMC, hapahapa Moshi, kuna chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 unaotaka mtumiaji apimwe kwanza, kiti kirekebishwe kulingana na mwili wake, afundishwe kukitumia, na pawepo mtu wa kukitengeneza kikiharibika. Kutoka ofisi yetu hadi chuo hicho ni nauli ya daladala moja.

Mimi nilipiga kura ya ndiyo. Sitembelei kiti, na hayo yote niliyoyaeleza hapo juu sikuyajua. Ulemavu wangu haukunifundisha chochote kuhusu uti wa mgongo wa mtu mwingine. Niliyajua miezi minane baadaye kwa kijana wa kikundi chetu aliyeumia mgodini Mererani, nilipokwenda kumjulia hali. Uani kwao kiti kilikuwa kimefungiwa ndoo mbili za maji kwa mpira wa baiskeli, na dada yake alikuwa akikisukuma kutoka bombani. Kitambaa cha kukalia kilikuwa kimeshachanika, pametandikwa gunia. Yeye mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi chumbani, kwa kuwa kidonda hakikumruhusu kulala kwa namna nyingine, na alizungumza nami akiwa ameelekeza uso ukutani. Aliniuliza kwa upole kabisa kama nilikuwapo siku walipoamua. Nilimwambia nilikuwapo.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi ili nijue kama jambo hili limewapata na wengine, na nimekuta ni la zamani. Mwezi Juni mwaka 1980, mjini Winnipeg nchini Kanada, Rehabilitation International, jumuiya ya dunia ya wataalamu wa tiba na utengamao pamoja na mashirika ya huduma, ilifanya mkutano wake mkuu. Watu wenye ulemavu waliohudhuria waliomba jambo moja: kwamba nusu ya wajumbe wa kila nchi wawe watu wenye ulemavu wenyewe. Pendekezo lilipigiwa kura na kukataliwa, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili yao. Waliokataliwa wakakutana peke yao palepale mjini, na mwaka 1981, mwaka uleule ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa watu wenye ulemavu, wakakutana Singapore na kuunda jumuiya yao, Disabled Peoples' International. Karibu na kwetu, watu wenye ulemavu wa Bulawayo nchini Zimbabwe walikuwa wameshaanza tangu katikati ya miaka ya 1970 kujiundia baraza lao nje ya shirika la hisani lililowahudumia, na mmoja wao, Joshua Malinga, baadaye akawa meya wa jiji hilo. Machi 1988 wanafunzi viziwi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington, kilichoanzishwa mwaka 1864 kwa ajili ya viziwi na ambacho hakikuwa kimewahi kuongozwa na kiziwi hata siku moja, walifunga malango baada ya bodi kumchagua tena mkuu anayesikia. Walitaka kiziwi awaongoze, na wakampata, I. King Jordan, ndani ya juma moja. Lakini dai lao ambalo mimi nimelishika zaidi ni jingine, kwamba viziwi wafikie angalau asilimia 51 ya wajumbe wa bodi. Walijua kwamba mkuu mmoja anaweza kuondolewa na bodi ileile iliyomkataa.

Hapa nyumbani nako historia ipo, ila watu wachache huisimulia. Wasioona walijiunga katika chama chao tangu miaka ya 1960. Viziwi waliunda CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, mwaka 1984. Vyama mbalimbali vikaungana katika SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini, mwaka 1992. Ninavitaja kwa heshima, kwa kuwa viliundwa na watu ambao wengi wao walikatazwa hata kuja sebuleni wageni wanapofika. Na angalieni majina waliyojichagulia. Sisi tusio viziwi tuliwahi kuambiwa semina baada ya semina kwamba neno kiziwi ni tusi, kwamba ki- hiyo inamshusha mtu awe kama kitu, na tukafundishwa kusema "mtu mwenye ulemavu wa kusikia". Viziwi wenyewe wakabaki Chama cha Viziwi, kwa kuwa wao wana lugha yao na wanalitumia neno hilo kama wengine wanavyosema Mchaga au Mpare. Upande mwingine, wenye ualbino walikataa kuitwa kwa majina yaliyozoeleka mitaani, na neno lao limeshika. Kila kundi liliamua kwa njia yake, na ni lenyewe lililopaswa kuamua.

Lugha yetu ina mtego mmoja hapa. Tukisema "shirika la watu wenye ulemavu", hilo "la" halituambii kama shirika ni mali yao au linawahudumia tu. Nyumba ya wageni haimilikiwi na wageni. Katika mikutano mingi nimewasikia viongozi wakijitambulisha, "Sisi ni shirika la watu wenye ulemavu," na ukiuliza unakuta mwenye ulemavu pale ni mlinzi, au mimi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na Tanzania ikauridhia mwaka 2009, unazitaka nchi katika Ibara ya 4(3) zishauriane na watu wenye ulemavu kupitia asasi zinazowawakilisha. Na kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua katika Maoni ya Jumla Namba 7 ya mwaka 2018 kwamba asasi hizo ni zile zinazoongozwa na kusimamiwa na watu wenye ulemavu, na ambazo walio wengi miongoni mwa wanachama ni watu wenye ulemavu. Nyingine zote, hata ziwe na moyo mwema kiasi gani, ni asasi za kuwahudumia. Kazi yao ninaithamini. Magongo yangu ya kwanza yalitoka kwao. Ninachokataa ni wao kukalia kiti chetu pale serikali au mfadhili anapouliza watu wenye ulemavu wanasemaje.

Kwa ajira nitasema kwa ufupi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi ishirini au zaidi awe na asilimia tatu wenye ulemavu, na asilimia tatu ya ishirini haifikii hata mtu mmoja, hivyo ofisi nyingi ndogo hujiona zimesalimika. Jibu jingine ninalopewa ni kwamba hawapatikani wenye sifa. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani. Kati ya hao wapo wahasibu, madereva, walimu na mafundi, na anayewatafuta kwa dhati huwapata.

Nisiwaseme wenye mashirika peke yao. Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye kongamano la wanawake kuhusu urithi wa ardhi, jambo ambalo kwetu Uchagani ni moto kila mwaka, kwa kuwa kihamba, shamba la ukoo, bado hupewa mtoto wa kiume hata pale binti ndiye aliyewauguza wazazi. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya tatu na jengo halikuwa na lifti. Vijana wawili walitumwa kunibeba. Sketi ilipanda hadi mapajani kwenye kona ya ngazi, watu wakageuza nyuso, na nilifika juu nikiwa sina tena hamu ya kusema. Hata hivyo nilinyoosha mkono. Nilitaka kueleza kwamba binti mwenye ulemavu hunyimwa kihamba kwa sababu ya ziada, kwamba ndugu husema hataolewa, hatazaa, basi ardhi ya nini. Na kwamba wapo ninaowajua wanaolala kwenye stoo za nyumba walizojenga baba zao. Aliyeongoza mjadala, mwanaharakati ninayempenda kwa ushujaa wake, aliniambia suala la ulemavu lina vikao vyake. Sikupata neno la kumjibu wakati ule. Leo ningemwambia kwamba mimi sikuacha uanamke wangu pale chini kwenye ngazi.

Lakini kosa linaloniuma zaidi nililifanya mwenyewe, dhidi ya mwenzangu. Katika kikundi chetu kuna dada kiziwi, fundi cherehani hodari, mwenye meza yake karibu na Soko la Mbuyuni. Tuliitwa kwenye kikao cha kukusanya maoni kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Mkalimani wa lugha ya alama hakuwapo. Tuliambiwa bajeti haikutosha. Dada yule alikaa saa tatu akiangalia midomo ya watu. Ilipofika zamu yake, mwenyekiti alitazama huku na huku, nami nikasimama haraka, kwa nia njema, nikasema, "Huyu ni fundi. Viziwi wengi wanahitaji cherehani." Ikaandikwa. Kila mtu akaridhika, na yeye akaniona nikimwelekezea mkono bila kujua nimesema nini.

Usiku ule alinitumia ujumbe kwenye simu: "Dada, umesema nini kuhusu mimi?" Nikamweleza. Alikaa muda mrefu kabla ya kujibu. "Cherehani ninazo mbili. Nilitaka kusema kuhusu polisi."

Alikuwa ameibiwa vitambaa vya wateja, na alipokwenda kituo kimoja kutoa taarifa hakuna aliyemwelewa. Waliita mtoto wa jirani awafasirie, mtoto wa miaka kumi, naye akafasiri alivyoweza, na jalada likaandikwa kwamba mlalamikaji amepoteza mzigo. Vitambaa hivyo aliwalipa wateja kutoka mfukoni mwake. Mkopo wa cherehani haukuwa shida yake. Nilimfanyia yeye kilekile ambacho mwenyekiti wa bodi alinifanyia mimi, na kwa haraka zaidi, kwa kuwa mimi hakuna aliyethubutu kunirekebisha: nina magongo, ninasema kwa niaba ya wenye ulemavu, nani atanipinga? Ndani ya harakati zetu anayesikika ni mwenye ulemavu wa viungo, aliyesoma, anayeishi mjini, na mara nyingi ni mwanamume. Kiziwi asiyeona, mama wa Same anayeishi na ugonjwa wa akili, kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye mzazi wake humjibia hata anapoulizwa jina lake, hao tunawabeba kwenye hotuba na kuwaacha nje ya chumba. Wazazi wamefanya kazi kubwa na wengine wamechoka kupita kiasi. Hata hivyo yale Maoni ya Jumla Namba 7 yanawataka wawasaidie watoto wao kusimamia maisha yao wenyewe, na katika kikundi chetu hilo lilikuwa gumu kulitamka mbele ya akina mama wawili walioacha kazi kwa ajili ya watoto wao. Tulilitamka. Mmoja alikasirika na kukosa vikao viwili, kisha akarudi.

Nilikwenda kwa Babu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza habari ya viti mwendo na habari ya polisi bila kuficha sehemu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba wajumbe hawapatikani kwa kuitwa, na kwamba tuwaandikie wenye shirika tuwaambie tutawatuma.

Barua yetu tuliiandika vikao vitatu. Tuliomba viti viwili vya bodi, vijazwe na watu tutakaowachagua wenyewe na ambao tunaweza kuwarudisha nyumbani kabla ya muda wao. Tuliomba kabrasha lifike siku saba kabla, kwa namna kila mmoja anayoweza kusoma. Tuliomba mkalimani alipwe na shirika, na nauli ihesabiwe kwa gharama halisi, kwa kuwa anayetembelea kiti hapandi daladala, hukodi bajaji, na posho ya nauli iliyo sawa kwa wote humla yeye peke yake. Na tuliomba bajeti ijadiliwe bodi nzima ikiwapo, badala ya kupitishwa na kamati ya watu watatu. Mimi niliambatanisha barua yangu ya kujiuzulu. Mama aliposikia hakuniambia kitu, lakini najua ile barua ya kwanza bado ipo ndani ya Biblia.

Majibu yalikawia miezi minne. Mkurugenzi aliniita mara mbili, akanisihi, akaniambia ninawaharibia kwa wafadhili. Nilimwelewa hofu yake. Anaajiri watu, na fedha zake huja na masharti ya mbali. Nilimweleza kwamba nchini Uganda watu wenye ulemavu wanachagua wabunge wao watano na wana wawakilishi katika halmashauri, na kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inataka hatua kwa hatua asilimia tano ya nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, na nchi hizo hazijaanguka. Kwetu tumepata viongozi wenye ulemavu kwa njia zote mbili: Salum Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge mwaka 2010, na Dkt. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, na wote wawili walifungua milango. Aliyechaguliwa, hata hivyo, ana watu wa kumuuliza. Hatimaye shirika lilikubali viti viwili, mkalimani na nauli. La kumrudisha mjumbe nyumbani walilikubali kwa shingo upande. La bajeti walisema watalitafakari.

Uchaguzi tulifanya chini ya mwembe. Nyuma ya kanga iliyotandazwa kwenye kamba tulipanga makopo manne, kila kopo likiwa na picha ya mgombea kwa wanaoona, na alama ya kushika kwa wasioona: kopo la kwanza lilifungwa uzi wa katani, la pili kitambaa laini, la tatu mpira, la nne halikufungwa kitu. Kila mmoja alipewa punje moja ya mahindi. Kijana wetu mwenye ulemavu wa akili aliingia peke yake, mama yake akibaki nje akikunja na kukunjua khanga yake mikononi. Alikaa nyuma ya pazia muda mrefu kuliko wote, tukasikia punje ikigonga bati, akatoka akicheka. Mimi niligombea. Nilipata punje nne. Waliochaguliwa ni fundi cherehani na Babu, nami nimebaki katibu wa kikundi, ninayeandika ujumbe wanaotumwa nao na kuwasomea wenzetu majibu wanayorudi nayo. Nilidhani nitaumia zaidi ya nilivyoumia.

Wamehudhuria vikao vitatu sasa. Cha kwanza fundi alisema kuhusu polisi, kwa mikono yake mwenyewe, mkalimani akitamka, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu kama alivyosema. Cha pili walizuia viti mwendo vingine visinunuliwe mpaka watakaovitumia wapimwe, na kijana wa Mererani alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Kabrasha la kikao kijacho lilifika Alhamisi. Mwalimu mmoja wa shule yenye mashine ya nukta nundu hutuchapia nakala ya Babu, na Jumamosi nilimpelekea. Alizipitisha kurasa nene chini ya vidole polepole, akitikisa kichwa, akafika mwisho, akarudi nyuma, akapita tena sehemu ileile.

"Mwanangu, ajenda ya tano ni taarifa ya mkurugenzi," alisema. "Ya saba ni mengineyo. Ya sita iko wapi?"

Nilitazama nakala yangu ya kawaida. Ya sita ilikuwa bajeti, na mbele yake paliandikwa kwamba nyaraka zitagawiwa ukumbini. Kwenye nukta nundu mstari huo haukuwapo kabisa. Alinituma nipige simu ofisini, niseme kwamba anayeuliza ni yeye na fundi, kwa niaba ya watu ishirini na watatu wa Pasua, na kwamba wanazitaka nyaraka hizo kabla ya Jumatano. Nilipiga Jumatatu saa mbili asubuhi, na nikaomba jina la aliyepokea simu ili nimpelekee Babu.